Dokta anataka kusaga jino langu zima ili aweke daraja, naogopa, naombeni ushauri

Mama_Kibaigwa

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuwekewa daraja la meno maana mwenzenu silali, kila ulimi ukigusa upande wa kushoto nawaza hilohilo.

Iko hivi. Mwaka juzi niling'oa gego la chini kushoto, lile kubwa la kwanza, lilikua limeoza hadi chini na kipindi hicho sikua na hela ya kuliokoa, nikasema liende tu. Pengo likabaki nikazoea kutafunia kulia. Sasa mwezi wa tatu nakula makande nikang'ata jiwe, nilisikia mlio mpaka kwenye sikio, kumbe jino la mbele ya hilo pengo ndo limepasuka ubavuni. Nikavumilia na panado siku kama nane hivi, nilikua na mzigo wa watu sokoni siwezi kuuacha, uso ukaanza kuvimba ndo nikapanda gari kwenda Dodoma mjini. Dokta akanitibu mzizi, akatoa ule mshipa uliooza akasafisha akaziba, nimeenda mara tatu na maumivu yameisha kabisa namshukuru Mungu.

Sasa juzi nimerudi ananiambia hilo jino lililotibiwa mzizi haliwezi kukaa na kujaziwa tu, litapasuka, linahitaji krauni, yaani kofia. Akasema na kwa kuwa una pengo nyuma yake basi tufanye daraja la meno matatu, anasaga hilo la mbele na anasaga gego la nyuma ya pengo, halafu katikati linaning'inia jino la bandia, vyote vimeungana. Bei aliyonitajia daraja ni laki tisa na nusu, krauni peke yake laki tatu na nusu, na ile ya kupandikiza skrubu kwenye mfupa, implanti, ni milioni mbili na kitu, hiyo sina.

Kinachoniumiza ni hilo gego la nyuma. Ni zima. Halijawahi kutoboka, halijawahi kuuma, leo nikalisage liwe kama kisiki? Na likishasagwa si halirudi tena? Baba watoto anasema pengo la nyuma nani analiona, hela hiyo tukanunue bati. Nimechanganyikiwa, nisaidieni.

Kijana_Makole

Pole dada. Kwa mawazo yangu ng'oa na hilo lililopasuka, weka meno ya kuvua, yale ya plastiki yenye kiwaya, hayafiki hata nusu ya hiyo hela. Bi mkubwa wangu anayo mwaka wa sita huu anakula kila kitu.

Zabibu_Hombolo

Kijana hapo kwenye kung'oa nakukatalia. Jino limeshatibiwa mzizi, hela imeshatoka, maumivu yameisha, halafu aling'oe? Kila jino linalotoka linaongeza kazi kwa yaliyobaki, mwisho unabaki na pengo la kupita bajaji.

Dada nikuambie langu, na sitaki mtu mwingine lije limkute. Mimi nilikua na pengo la mbele juu, nilianguka na baiskeli nikiwa binti. Kuna mtu alikua anapita mitaani na kaboksi kake anabandika meno, anakutengenezea hapohapo umekaa kwenye kigoda. Alichanganya unga na kimaji chenye harufu kali kama rangi ya kucha, akaufinyanga mle mdomoni moja kwa moja, ukawa wa moto jamani, ukaganda umeshikana na meno yangu mawili ya pembeni. Elfu thelathini tu. Nilifurahi nikapiga picha. Haukuisha mwaka fizi zikaanza kutoa damu nikilala naamka mto una damu, mdomo ukawa unanuka mpaka naongea nimeziba na kanga. Ule ugumu ulikua umezama kwenye fizi, chakula kinaingia hakitoki. Nilipofika hospitali dokta alikaa muda mrefu analikata kidogokidogo, na yale meno mawili ya pembeni yalikua yanacheza, moja tulilipoteza. Kwa hiyo niliingia na pengo moja nikatoka na mawili.

Sasa nimewekewa la kuvua la kipimo, la hospitali, nalivua usiku nalisafisha. Sio kama langu la kuzaliwa lakini nacheka. Ukiona bei ya daraja imekushinda dada yangu, bora ukae na pengo lako kuliko kumfuata mtu wa kaboksi.

Mzee_AreaC

Mwanangu Mama Kibaigwa, pole sana. Nina daraja mdomoni tangu 2011 na kabla ya hilo nilikua na lingine ambalo liliharibika, kwa hiyo nina la kusema pande zote mbili.

La kwanza niliwekewa nikiwa bado kazini. Lilikua zuri, la chuma kilichofunikwa na porseleni, nikaliona ni kama jino limemalizana na mimi, yaani nikapiga mswaki juujuu kama kawaida nikajua bandia haliozi. Ni kweli bandia haliozi. Kinachooza ni jino lako lililoko chini ya kofia, pale kofia inapokutana na fizi, kuna mstari mwembamba sana pale, uchafu ukikaa hapo kila siku wadudu wanaingia kwa chini na wewe huoni kitu wala husikii kitu. Baada ya miaka minne hivi nikaanza kusikia ladha mbaya nikitafuna, kama chumvi ya kutu. Daraja lilikua limeachia upande mmoja na upande wa pili limeshika, ndo maana halikudondoka. Chini yake jino lilikua laini kama muhogo uliooza. Tukaling'oa. Na sukari yangu ilikua juu kipindi kile, nayo inaharibu fizi.

Hili la sasa nalitunza kama mtoto. Kila usiku napitisha uzi chini ya lile jino linaloning'inia. Uzi wa kawaida wa meno hauwezi kupita kwa juu maana yameungana, kuna uzi wenye ncha ngumu kama sindano unaingiza kwa ubavuni, unavuta unasugua chini na kando za nguzo zote mbili, yaani yale meno mawili yanayolibeba daraja. Ukikosa huo kuna vibrashi vidogo kama vya kusafishia chupa ila vyembamba mno, vinauzwa maduka makubwa ya dawa. Dakika tatu tu. Na kila miezi sita naenda dokta analigonga, anaangalia. Mwaka wa ngapi huo, hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kabla ya kusaga jijibu mwenyewe, je utaweza hiyo kazi ya kila usiku? Ukirudi sokoni umechoka, umeme hakuna, utaifanya? Kama jibu ni hapana basi daraja litakula hayo meno mawili unayoyaonea huruma.

Mama_Kibaigwa

Shikamoo mzee. Asante sana, hili la kusafisha chini sikuambiwa kabisa, au niliambiwa nikiwa na ganzi sikusikia. Dada Zabibu pole mno, imeniuma.

fundisanifu_dom

Mimi ni fundi sanifu wa meno, sisi ndo tunaotengeneza hizo krauni na madaraja nyuma ya pazia, mgonjwa hatuoni. Ya kusaga au kutosaga nawaachia madokta, mimi nikuambie vitu vya kuuliza ambavyo watu hawaulizi.

Muulize krauni yako ni ya nini. Ziko za chuma tupu, ziko za chuma kilichovikwa porseleni, ziko za zirkonia, kauri nyeupe isiyo na chuma ndani. Kwa magego ya nyuma chuma tupu ni kigumu na dokta anasaga kidogo zaidi kwa sababu chuma hata kikiwa chembamba kinashika, ila watu hawapendi rangi. Porseleni juu ya chuma inadumu lakini yule anayetafuna barafu na kufungulia soda kwa meno ataimega. Zirkonia ni ngumu sana, inachongwa na mashine kutoka kwenye bonge likiwa bado laini kama chaki, tunaichonga kubwa kuliko jino lenyewe kwa zaidi ya asilimia 20 kwa sababu ikiingia tanuri la nyuzijoto kama 1,500 inasinyaa mpaka inafika saizi yake. Na kama hereni za bei rahisi zinakuwasha masikio mwambie dokta, vyuma vingi vya krauni vina nikeli ndani na kuna watu miili yao haipatani nayo.

Kingine ni kipimo, ile chapa ya meno. Kuna ile ya unga unaokorogwa na maji ukawa kama uji mzito. Hiyo ikikaa inanyauka, na kwa huu upepo wetu mkavu wa Dodoma inanyauka haraka kuliko mnavyodhani. Nimeshaletewa chapa imekaa tangu asubuhi kwenye dirisha, imejikunja, ukitengenezea hapo krauni haiingii au inaingia ikiwa na nafasi pembeni, na hiyo nafasi ndo ule mstari alousema mzee. Kwa krauni na daraja inatakiwa ile ya silikoni, inatulia, hata ikisafirishwa kwenda maabara ya Dar inafika ikiwa vilevile. Siku hizi wapo wanaopiga skani na kamera mdomoni, haina chapa kabisa. Kwa hiyo dada usione aibu kuuliza, dokta mzuri atafurahi.

Na siku ya kujaribisha, kabla hajaibandika kwa simenti, ng'ata. Atakupa karatasi nyembamba yenye rangi ung'ate. Ukihisi hilo jino linagusa kabla ya mengine sema. Usione tabu kusema mara tano. Ikibandikwa ikiwa ndefu hata kwa unywele taya litakuuma na hiyo nguzo itateseka.

Mnyaturu_Ikungi

Samahanini nadandia uzi. Mimi meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia na vishimo, kwetu Singida wengi tuko hivyo ni maji ya visima. Nina miaka 22, nataka niyavike yote sita ya juu kofia nyeupe nipate amani maana kwenye usaili wa kazi naongea nimefumba mdomo. Inawezekana?

Daktari_wa_Fizi

Naomba nijibu wote wawili. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, nafanya kazi kanda hii ya kati. Sijaona mdomo wa mtu wala eksirei ya mtu hapa kwa hiyo chukueni kama maswali ya kwenda nayo.

Nianze na mdogo wangu wa Ikungi kwa sababu wewe una haraka na ningependa usiharakishe. Hiyo rangi ni ya floridi nyingi kwenye maji wakati meno yako yalipokua yanajijenga ndani ya taya, tangu uchanga hadi miaka kama minane. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima vingi vya ukanda wetu vinazidi hapo. Sio uchafu na hukukosea kupiga mswaki. Lakini kuvika kofia meno sita ya mbele ukiwa na miaka 22 ni kuyasaga pande zote, na kwa umri wako mshipa ndani ya jino bado ni mpana, kuna hatari ya kuufikia au jino kufa baadaye. Anza na vidogo. Kuna kusugua tabaka la juu kwa dawa, kuna kung'arisha, kuna kubandika vijazio vyenye rangi ya jino kwa mbele tu, na kuna ganda jembamba la porseleni la upande wa mbele. Wengi rangi inapungua kwa hatua ya kwanza au ya pili na hawahitaji kusaga kabisa. Kofia iwe kwa jino ambalo limemomonyoka kweli. Na ukija kupata mtoto, kuchemsha maji hakutoi floridi, maji yanapungua yenyewe inabaki, tafuta maji ya chanzo kingine kwa ajili ya mtoto kunywa na kupikia, na punguza magadi kwenye mboga maana nayo yana floridi.

Sasa Mama Kibaigwa. Hofu yako ni ya maana na sio ushamba. Krauni ya gego inahitaji kuondoa kama milimita 1.5 hadi 2 juu, na kuzunguka pande zote, na hilo halirudi, ukishasaga utavaa kofia maisha yote ya hilo jino. Na meno mazima yanayosagwa kuwa nguzo, baadhi yake mshipa hufa miaka inayofuata yakahitaji nayo kutibiwa mzizi. Daraja ni tiba nzuri sana pale ambapo meno ya jirani tayari yana matundu makubwa au vijazio vikubwa, yaani yangehitaji krauni hata kama pengo lisingekuwepo. Hapo hupotezi kitu. Kwako upande mmoja uko hivyo na upande mwingine hauko hivyo.

Lakini kinachonipa wasiwasi zaidi sio gego, ni hilo la mbele ya pengo. Ni jino dogo, lina mzizi mwembamba, lilipasuka, limetibiwa mzizi, na sasa linaombwa libebe mzigo wake pamoja na nusu ya mzigo wa gego kubwa lisilokuwepo. Linaweza, ila muulize dokta wako limebaki jino zima kiasi gani juu ya fizi. Tunataka angalau milimita 2 za jino imara kuzunguka pande zote ili kofia iwe na cha kukumbatia. Kama ule ufa ulishuka chini ya fizi basi daraja lote linasimama kwenye nguzo yenye ufa, na nguzo moja ikianguka laki tisa yote imeanguka.

Pia muombe akuonyeshe kwenye eksirei gego la nyuma limeinama kiasi gani. Pengo la miaka miwili gego la nyuma huwa linaanza kulala kuja mbele, na la juu linashuka kufuata nafasi. Na hapa ndo namjibu shemeji wa bati kwa heshima. Kweli pengo halionekani. Watu wengi wanaishi na pengo moja la nyuma vizuri tu, na sio kila pengo lazima lijazwe. Ila likiachwa liangaliwe, kwa sababu gego likilala sana baadaye hata daraja wala implanti haiingii bila kazi ya ziada.

Ningekua mimi ningeuliza hivi, dokta, je tunaweza kuvika hili lililotibiwa mzizi krauni yake peke yake sasa hivi, pengo tukaliacha kwanza? Krauni ndo ya haraka, jino lililotibiwa mzizi likikaa na kijazio tu mwezi baada ya mwezi siku moja linagawanyika katikati na hapo ni kung'oa. Pengo linaweza kusubiri. Ukijaaliwa hela baadaye unaweka implanti, inakaa kwenye mfupa yenyewe bila kugusa majirani, inachukua kama miezi mitatu hadi sita mfupa kuishika ndipo inavikwa jino. Au la kuvua kwa muda ili gego lisizidi kulala.

Na kadi ya bima yoyote uliyonayo, uliza inagharamia nini kabla dokta hajawasha mashine, sio baada.

Kijana_Makole

Dokta asante, nafuta ushauri wangu wa kung'oa. Sikujua kama krauni moja inaweza kusimama yenyewe nilidhani lazima yote.

Mnyaturu_Ikungi

Asante sana dokta. Nimesoma mara mbili. Nitaanza na kusugua. Na nampigia dada yangu leo, ana mtoto wa miezi kumi na anampikia uji kwa maji ya kisima kilekile tulichokulia.

Mama_Kibaigwa (wiki tatu baadaye)

Wapendwa nimerudi kuwapa mrejesho kwa sababu mmenibeba.

Nilienda na maswali nimeandika kwenye karatasi nyuma ya risiti ya magunia. Niliogopa dokta atakasirika, nilianza kwa kuomba radhi. Hakukasirika, alivuta kiti akageuza kompyuta nikaona meno yangu mwenyewe. Gego la nyuma limeinama kweli, sio sana, kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. La juu limeshuka kidogo. Na hili la mbele ufa haukufika chini ya fizi, Alhamdulillah, upande mmoja limebaki kama milimita tatu na upande wa nyuma ni mbili kasoro. Akasema wazi kwamba kwa krauni linatosha, kwa kubeba daraja ni kubahatisha, akasema alipendekeza daraja kwa sababu niliingia nikisema nataka pengo lizibwe. Na ni kweli nilisema hivyo, nilitamka mwenyewe.

Tumekubaliana krauni moja. Gego langu halijaguswa. Alisaga lile la mbele, ganzi ilinishika vizuri, nilichosikia ni mlio na harufu ya kuungua kidogo na maji ya baridi. Chapa alitumia ile ya silikoni ya rangi mbili, niliuliza, akacheka akaniuliza nani kanifundisha. Amenivika kofia ya muda, kaniambia nisile big'ijii wala vitu vya kunata upande huo, na ikitoka nirudi siku hiyohiyo nisikae nayo mkononi. Ile ya kudumu imetumwa Dar, inarudi baada ya siku kumi hivi. Ni ya chuma yenye porseleni, zirkonia ilizidi uwezo wangu.

Baba watoto nilimuonyesha maneno ya dokta kuhusu bati akasoma kimya, akasema basi tukivuna vizuri mwakani tuulizie hiyo ya skrubu. Bati tumenunua nusu.

Mzee wa Area C, shikamoo tena. Nina swali, ile brashi ndogo inafaa na kwa krauni moja au ni ya daraja tu? Maana nimeshainunua, kuna duka la dawa karibu na soko la Sabasaba wanazo, ila zina namba sikujua nichukue ipi nikachukua ya pinki kwa sababu ndo ilikua nyembamba kuliko zote.

Mzee_AreaC

Marhaba mwanangu. Inafaa sana. Upande wenye pengo ipitishe kwenye ubavu wa hiyo krauni pale inapokutana na fizi, taratibu, usilazimishe. Upande wa mbele ambako jino limegusana na jirani tumia uzi wa kawaida. Ila kwa sasa ukiwa na kofia ya muda usivute uzi kwenda juu, utaing'oa, upitishe halafu uutoe kwa ubavuni. Ya pinki ndo ninayotumia mimi.